Namba Sita Alizoruhusiwa Guka

Kitale, 18 Mei 2025

Mjukuu wangu Nangila,

Nakusalimu wewe, mama yako Waithera, na kila anayekuja kwenye kibanda chako na simu iliyotumbukia chooni. Huku tumeamka salama. Mvua imeshika, mahindi ya mjomba wako Kiragu yamefika magotini na palizi ya kwanza imekwisha. Mke wake Nyambu alikuwa na homa juma lililopita, sasa amepata nafuu. Mguu wangu wa kushoto unauma asubuhi, ukipata jua unanyamaza.

Najua utashangaa kupata karatasi. Mimi ndimi niliyekufundisha kuunganisha waya kwa risasi iliyoyeyushwa ukiwa darasa la nne, na leo nakuandikia kama watu wa zamani. Sababu ni hii. Simu aliyoninunulia Kiragu aliponihamisha kutoka Bungoma mwezi wa Januari ina namba sita tu: yake, ya Nyambu, ya mama yako, yako, ya mchungaji na ya daktari. Nikibonyeza namba ya saba, inaniambia niombe ruhusa kwa mzazi. Kwa mzazi, Nangila! Mzazi wangu alizikwa Nyeri kabla mama yako hajazaliwa. Na kila ninachoandika, Kiragu hukiona dukani kwake kabla sijaweka simu mezani.

Tarehe tisa mwezi huu simu iliwaka rangi zote, ikapiga muziki, ikaniandikia: hongera, leo umetimiza miaka kumi na mmoja. Nina sabini na miwili. Nilimwonyesha Nyambu, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha ghafla.

Maoni yangu unayajua, ila nitayarudia. Simu ambayo mwenyewe hawezi kuifungua, si kwa bisibisi wala kwa neno la siri, hiyo si yake, ameazimwa. Ndiyo maana napenda mfumo huria, ule ambao maandishi yake yako wazi, mtu yeyote anayasoma na kuyarekebisha. Nilipokuwa fundi wa laini za simu, kila nguzo ilikuwa na ramani yake, na ramani ilikaa ofisini ambapo hata mfagiaji angeweza kuitazama. Hakuna aliyeogopa kwamba mfagiaji ataiba nguzo.

Nakuomba unitafutie simu moja, hata kuukuu, uiondolee mfumo wake na uiwekee ulio huru. Usilete hapa nyumbani. Andika kwa sanduku la posta la kanisa. Nyambu ni katibu wa akina mama, ufunguo anao yeye.

Wasalimie watu wa soko la Chwele ukipita huko, hasa wale wa upande wa vitunguu.

Ni mimi babu yako,
Ndirangu


Bungoma, 14 Juni 2025

Guka,

Shikamoo, na pole kwa mguu. Barua yako ilinifikia ikiwa imelowa kona moja lakini maneno yote yalisomeka. Sisi ni wazima. Mama bado anapika kwenye hoteli ile karibu na chuo cha Kibabii, wanafunzi wakifunga chuo analala mchana kama paka. Mimi kazi ipo. Wiki hii nimebadilisha vioo vya simu kumi na saba na mtu mmoja ameniletea redio, nikakukumbuka.

Kuhusu simu, si rahisi vile unafikiria. Simu nyingi zinazoletwa sasa zimefungwa ndani kabisa, ukijaribu kuingiza mfumo mwingine zinakufa mkononi. Zile zinazokubali ni za zamani, na betri zake zimechoka. Tena mfumo huria una taabu zake, Guka, si ulinifundisha mwenyewe? Ukikwama hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Unabaki wewe na simu yako mnatazamana.

Halafu kuna jambo lingine. Mjomba Kiragu alituambia ulitapeliwa mwishoni mwa mwaka jana. Hakusema vipi, lakini alikuwa na uchungu sana. Hapa kibandani naona wazee wanalia, mtu amepigiwa simu na sauti tamu, dakika kumi baadaye hana kitu. Kwa hiyo usimwone mjomba mbaya. Labda anakulinda tu kwa njia ngumu.

Ile pongezi ya siku ya kuzaliwa usiiweke moyoni. Simu hukosea.

Naomba nikuulize, na usikasirike: namba ya saba ni ya nani?

Mjukuu wako anayekukumbuka kila siku,
Nangila


Kitale, 29 Juni 2025

Nangila,

Asante kwa salamu. Nyambu amepanda sukuma wiki nyuma ya jikoni na sasa tunakula ya nyumbani. Kiragu amefungua duka la pili la vifaa vya ujenzi, hatumwoni mpaka jioni, lakini yeye anatuona.

Sikutapeliwa. Andika hilo mahali ulisome kila asubuhi. Hakuna shilingi yangu iliyopotea, hakuna sauti tamu iliyonidanganya.

Umezungumza habari ya kulindwa, basi nikueleze mtandao wa nyumba hii. Kule Bungoma, unakumbuka, ruta yetu, kile kisanduku cha intaneti, ilikaa juu ya kabati la vyombo, kila mtu akiiona. Niliiwekea mfumo huria mwenyewe. Neno la siri liliandikwa kwa chaki ukutani jikoni, na ile kompyuta mbovu ya shule niliigeuza ghala la picha na nyimbo, ili picha za marehemu bibi yako zikae ndani ya nyumba yetu, zisilale kwenye mashine ya mtu nisiyemjua. Mtandao wa nyumba ni kama maji ya tangi. Kila anayeishi humo ajue bomba linapita wapi.

Hapa ruta iko chumbani kwa Kiragu, na mlango una kufuli. Kuna kamera sebuleni, jikoni, na kwenye geti. Jumamosi nilitaka tu kutembea hadi barabara ya lami nirudi. Nilipogusa komeo, geti likasema kwa sauti ya Kiragu, ya juu, kama spika ya mkutano:

"Baba, unaenda wapi?"

Majirani wawili walikuwa wakipita na punda wa maji. Wakasimama.

"Natembea," nikasema.

"Rudi ndani, Baba. Mguu huo utakuangusha. Nyambu! Nyambu, mbona umemwachilia Baba?"

Nyambu alitoka mbio na mikono imejaa unga. Hakunishika. Alisimama tu kando yangu, ameinamisha kichwa, kana kwamba ni yeye aliyekamatwa. Nikarudi ndani, Nangila. Mimi niliyepanda nguzo za Mlima Elgon kwenye upepo nilirudi ndani kwa sababu geti limesema.

Ukienda Chwele siku ya soko, mtafute mama mmoja anayeuza vitunguu karibu na mizani ya kaunti, anaitwa Rispah. Niliwahi kumtengenezea redio. Nataka tu kujua kama bado inashika stesheni.

Babu yako,
Ndirangu


Bungoma, 10 Agosti 2025

Guka,

Nimechelewa. Nimeanza barua hii mara nne. Mama mzima, mimi mzima wa mwili.

Tarehe tisa Mei ni siku yangu ya kuzaliwa. Wewe ndiye uliyeninunulia keki ya kwanza, huwezi kuisahau. Ulipoiandika katika barua ya kwanza ulikuwa unajua, na mimi nilijua kwamba unajua, nikakujibu ati simu hukosea.

Januari, Mjomba Kiragu na Mama walikuja kibandani na simu mbili, yako ya zamani na hiyo mpya. Mjomba akasema kuna mwanamke wa mtandaoni amekushika akili, ati ulikuwa karibu kuuza kila kitu. Mama alikuwa analia. Nikaamini, Guka. Nikafungua akaunti ya mzazi, halafu ya mtoto. Mashine ilitaka tarehe ya mtoto kuzaliwa, nikaweka yangu kwa haraka, na mwaka wowote. Nilipokuwa nikihamisha namba, niliona moja umeipigia kuliko zote: Rispah Vitunguu. Nikauliza, "Hii je?" Mjomba akasema, "Hiyo ndiyo ya kwanza kuacha." Nikaiacha. Sikuuliza tena.

Juzi Jumatatu nilienda Chwele. Mama huyo si wa mtandaoni. Ana kiti cha mti, aproni ya buluu, na mkono wa kulia una alama ya kuungua. Nilimwambia mimi ni mjukuu wa Mzee Ndirangu. Aliendelea kupanga vitunguu.

"Hajambo?"

"Hajambo, Mama. Anauliza kama redio inashika."

"Redio!" Akacheka kidogo bila furaha. "Kijana yake alikuja hapa, amevaa viatu vizuri. Akaniambia mzee amesema nisimsumbue tena, yeye ni mtu wa kanisa na bado anamlilia mke wake. Mimi nikasema, si aniambie mwenyewe? Nikapiga. Ikakata. Nikapiga siku ingine, ikakata. Mara tano, mtoto wangu. Mtu akikatwa mara tano anajua."

"Hakukata yeye," nikamwambia. "Nilikata mimi."

Hapo ndipo aliponitazama. Nikamweleza yote, kama ninavyokueleza wewe. Wateja walisimama wakangoja. Nilipomaliza akasema, "Sasa amekutuma wewe. Mtu mzima anatuma mtoto." Akanipimia kilo mbili za vitunguu, akakataa kulipwa, akageukia mteja mwingine.

Sijui niombe msamaha kwa maneno gani.

Nangila


Kitale, 12 Oktoba 2025

Nangila,

Salamu kwenu. Mahindi yamekauka shambani, tunangoja mashine ya kupukuchua. Nyambu amekonda.

Nilikaa na barua yako miezi miwili. Kusema kweli, niliichana, kisha nikaunganisha vipande kwa gundi ya watoto.

Sikukasirika kwa sababu ya kufuli. Kufuli ni kazi, na kazi yako ilikuwa safi. Nilijaribu kuifungua kwa kila njia ninayoijua nikashindwa, na ndani ya hasira nilijivunia mwanafunzi wangu. Kilichonilaza kitandani ni hizo mara tano. Nilikuwa hapa nimeketi, simu mfukoni, na haikutoa hata mlio. Yeye kule amesimama sokoni ameshika simu sikioni. Mimi nilikuwa nikifikiri amenyamaza tu, amepata wa kumtengenezea redio mwingine.

Utauliza kwa nini sikuazima simu ya mtu. Niliazima, mwezi wa tatu, kwa mzee mwenzangu kanisani. Haikupokelewa, na kabla ya ibada kwisha mzee huyo alikuwa ameshamwambia Kiragu. Tangu siku hiyo kanisani nakaa katikati ya benchi, Kiragu upande mmoja na Nyambu upande mwingine.

Nilipopata nguvu nilimwita Kiragu mezani. Nyambu alikuwa akimimina chai.

"Nilitapeliwa lini?" nikamuuliza.

Akajua. Akaweka kikombe chini.

"Baba, Mama hata miaka miwili haijaisha kaburini."

"Najua siku aliyokufa. Nilikuwa nimemshika mkono."

"Watu wa Bungoma walikuwa wanasema. Ati Mzee Ndirangu anaonekana Chwele kila siku ya soko, amekaa kwa vitunguu, anacheka. Anacheka! Mimi bado nikisikia jina la Mama siwezi kumaliza chakula, na wewe unacheka."

Nangila, alilia. Mtu wa miaka arobaini na minne mwenye maduka mawili, alilia akiwa ameegemeza kichwa kwenye kitambaa cha meza. Niliweka mkono wangu mgongoni mwake kama alipokuwa mdogo. Nilifikiri tumefika mahali. Nikamwambia polepole, "Basi nifungulie hii simu, mwanangu."

Akainuka, akapangusa macho, akasema, "Hapana, Baba. Siwezi." Akaenda kuangalia kamera.

Nyambu aliendelea kumimina chai kikombe kikiwa kimeshajaa.

Sikulaumu tena. Lakini sijui nitaishije humu.

Ndirangu


Bungoma, 2 Novemba 2025

Guka mpendwa,

Mama hasemi na mimi. Ananiwekea chakula mezani na kufunika, halafu anaingia chumbani. Nitakueleza kwa nini.

Kuna jambo ambalo hata kwenye barua ile ya Agosti sikuthubutu kuandika. Akaunti ya mzazi niliifungua mimi, kwa hiyo neno la siri ninalo. Ningeweza kukufungulia kutoka hapa kibandani siku yoyote, kwa dakika mbili. Ulipoandika barua ya kwanza. Ulipoandika habari ya geti. Nilikuwa nikiitazama ile akaunti, naona kile kidude cha buluu kinachoonyesha uko wapi, hakisogei, siku baada ya siku kiko mahali pale pale, na ninazima skrini. Nilimwogopa Mjomba. Nilimwogopa Mama. Ndiyo maana nilikuandikia habari za betri kuchoka.

Jumapili iliyopita nilimpigia Mjomba kwanza, sikutaka kufanya kwa siri kama tulivyokufanyia wewe. Nikamwambia, "Mjomba, nafuta akaunti ya Guka leo." Akaniuliza kama nina wazimu. Akasema ukipotea au ukianguka, damu yako iko juu yangu. Nikamwambia sawa. Niliifuta, na Mama aliposikia ndipo alipoacha kusema nami. Wewe si mtoto wa mtu tena, Guka.

Hata hivyo sitaki uendelee na simu ile, kwa sababu ameinunua yeye na anaweza kuirudisha kwa fundi mwingine. Kwenye kifurushi hiki kuna simu ingine. Imekwaruzwa mgongoni na kitufe cha sauti kinakwama, lakini mfuniko unatoka kwa ukucha na betri unaitoa mwenyewe. Mfumo ni huria kuanzia juu hadi chini. Sikuweka akaunti yoyote. Itakapokuuliza jina, utaandika unalotaka au utaacha tupu. Laini nimeisajili kwa kitambulisho changu, ukifika mjini tutaibadilisha iwe yako. Usiunganishe na waifai ya nyumba hiyo hata kidogo, tumia data.

Namba ya Rispah sikuiweka. Najua unaijua kwa kichwa.

Nangila


Chwele, 7 Desemba 2025

Mjukuu wangu Nangila,

Ndiyo, soma tena hapo juu. Niko Chwele. Nimepanga chumba nyuma ya duka la mbegu, kina dirisha na msumari wa kutundika koti. Mguu haujambo. Mwambie mama yako nipo na ninakula, hata asipojibu, mwambie.

Kifurushi nilipewa kanisani tarehe kumi na sita Novemba, Nyambu alikificha chini ya vitambaa vya madhabahu. Usiku sikungoja, wala alfajiri sikungoja. Niliingia choo cha wanaume cha kanisa na kupiga pale pale. Akapokea. Nikasema, "Ni Ndirangu." Akasema, "Niko na mteja." Lakini hakukata. Niliwasikia wakibishana bei ya gunia zima, mimi nimeshika simu, watu wanagonga mlango wa choo. Aliporudi akasema, "Mimi sitaki mambo ya simu tena. Ukiwa na neno, lete na miguu yako."

Basi nikamwambia Kiragu nitaondoka. Wiki mbili alikataa, akabembeleza, akamleta mchungaji. Siku ya mwisho akaniambia, "Nikikuachilia ukaanguka barabarani, watu watasema mimi ni mtoto gani?"

"Watasema baba yako alikuwa akitembea," nikamjibu.

Asubuhi yake alienda dukani bila kuniaga, na geti aliliacha wazi. Simlaani. Huenda siku moja atakuja.

Rispah hajasema ndiyo wala hapana. Alinipa kiti, akaniambia nihame upande wa jua. Watu wananiletea simu na redio hapo kando yake, mimi natengeneza. Jioni tunafunga pamoja, yeye anaenda kwake na mimi chumbani kwangu. Inanitosha kwa sasa.

Lakini nina jambo la kukuomba, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kukupigia kibandani. Usiitafute ile simu yako kwangu, siko nayo. Hii ninayotumia ni ya kuazima.

Asubuhi ile ya kuondoka Nyambu alinifungia chapati kwenye gazeti. Tulikuwa nyuma ya jikoni, kwenye sukuma wiki, mahali ambapo kamera haifiki. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Baba, hii simu ya Nangila, mtu mwingine hawezi kuona ni nani nampigia?"

"Hawezi."

"Hata niko wapi, hawezi kuona?"

"Hawezi, mwanangu. Iko wazi kwako tu."

Akatoa simu yake kwenye pindo la leso akanionyesha. Miaka tisa, tangu aolewe, kila nikija kwao nilikula chakula cha yule mwanamke nikijua anacheka kidogo na kunyamaza sana. Yake ina namba nne, Nangila. Dada yake hayumo. Mama yake hayumo. Mimi nilipewa sita nikapiga kelele mpaka Bungoma nzima ikasikia.

Nikampa. Akaificha kwenye kifua, akarudi ndani kuosha vikombe, na mimi nikatoka.

Namba hiyo, mbali na Rispah, unayo wewe peke yako. Usimpigie, hata ukimwota. Ngoja apige yeye, na akipiga, pokea, hata kama umeshika kioo cha mtu mkononi.

Babu yako,
Ndirangu